Baba Moshi na Miti ya Mama Mkwe

Ndugu zetu mliokuja kwa mtumbwi na kwa miguu, kwa niaba ya familia nawasomea safari ya baba yetu, Mzee Manggai anak Lanting, yaani mwana wa Lanting, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika nyumba ndefu ya Seluang, familia nyingi chini ya paa moja, kila moja na mlango wake, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, kisha akamfuata baba yake msituni kukata henzerani na kusuka makapu, kazi aliyoipenda hadi vidole vilipokataa.

Tarehe 9 Juni 1974 alimwoa mama yetu, Sendi, akahamia hapa ukweni, na mama mkwe akamwagiza apande tengkawang, mti utupao mafuta ya kulia wali na mbegu za kuuza, naye kwa pupa ya mkwe mgeni akapanda mbegu zilizokwisha kukaushwa kwa moshi kwa ajili ya soko, akazipalilia msimu mzima, lisichipue hata jani. Mama mkwe akamuuliza mbele ya nyumba nzima, “Mkwe wangu, hizo ulizipanda au ulizizika?” Jina la Baba Moshi likamganda tangu siku hiyo.

Mwaka 1978 tengkawang za msituni, ambazo huzaa mara moja tu kila baada ya miaka kadhaa, zilipozaa tena, alipanda mbegu mbichi siku ileile zilipoanguka, na wanunuzi wa magogo walipokuja mwaka 1996, shemeji zake wakitaka kuuza miti hiyo, aliwaambia, “Niacheni jamani, bado namjibu mama yenu.” Miti ikabaki.

Alijaliwa watoto watatu, Mengan, Sulau na mimi Renggi, na wajukuu saba ambao hakuna aliyemwogopa.

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba iliyopita, akalazwa, akaomba arudishwe nyumbani kuona miti yake ikizaa, akala wali kwa mafuta yake, na alfajiri ya tarehe 11 Februari akatutoka, mbegu zikidondoka. Tunajua mwiko wetu, wakati wa matanga haingii mtu msituni siku saba, lakini aliwaita wazee akawaambia, “Mkinililia siku saba watakaoshiba mbegu ni nguruwe mwitu, nililieni moja, mkaokote,” na wazee, baada ya kuvutana, wamekubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa kila mlango, na wasusi wa makapu wenzake.

Kesho alfajiri kila mlango utoe kapu, na mbegu za kwanza tafadhali zipandwe mbichi. Baba Moshi, mama mkwe amekwisha kujibiwa, pumzika kwa amani.