Waliniwekea Mlinzi wa Maji

Kina mama zangu, wa msikiti na wa kanisa, mniwie radhi nikipandisha sauti. Baba yangu alikuwa polisi, na sisi watoto wa kambini kuongea polepole hatukufundishwa.

Wengi mnaujua mlango wangu wa kahawa pale mtaani Kyebando. Kahawa nakaanga mwenyewe, natwanga na tangawizi, kama bibi yangu Mnubi alivyonionyesha. Jengo la vijana wa kompyuta lilipofunguliwa jirani, wakahamia kwangu na laptopu zao. Nikaweka intaneti. Wakanipiga picha, wakanipa nyota tano kwenye ramani ya simu. Bannange, jamani, nilijiona!

Bibi alinifundisha na kazi ya pili, kuosha maiti. Mwanamke Mwislamu akifa mtaani, naitwa, nakwenda na ndoo yangu ya buluu. Silipwi, wala siombi.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo mama wa chai na mandazi. Jina silitaji. Wateja wake walivuka kuja kwangu, nami, nasema kweli, niliwapokea kwa kicheko kikubwa ili asikie. Hilo ni kosa langu, naliweka mezani kwanza.

Asubuhi moja simu ikaanza kulia bila kunyamaza. Kwenye grupu la mtaa kuna picha yangu, natoka nyumba ya msiba, ndoo mkononi. Chini yule mama wa chai kaandika: "Mnashangaa wateja anawatoa wapi? Muulizeni maji ya maiti anayapeleka wapi." Mnaijua ile imani, eti mwenye mgahawa akipikia maji ya maiti, wateja hawamwachi. Na picha ilikuwa ya kweli, ndugu zangu! Ndoo yangu, mtandio wangu. Ningekana nini?

Wale vijana, watu wanaotengeneza mitambo ya benki, wakaogopa ndoo. Nyota zikashuka mpaka ikabaki moja. Mmoja akaandika kwamba alitapika siku tatu. Huyo hajawahi kukanyaga kwangu, wallahi. Shuleni binti yangu wakamwita Maji ya Maiti, wakamhama dawati. Mwenye nyumba akaja kumpimia mlango mpangaji mwingine. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikafunga.

Ngojeni, hapo sijafika chini. Nilikwenda msiba mwingine, nikaosha, nikapewa chai. Nilipogeuka nikaona kikombe changu kinatupwa kwenye takataka. Kikombe kizima, hakina hata ufa. Nikaisukuma ndoo chini ya kitanda, nikasema waoshane wenyewe. Nikakaa ndani miezi, nikawachukia walio hai na waliokufa. Siku moja nikajichemshia kahawa, nikainusa, nikaimwaga. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini.

Kisha mama mzazi wa yule jirani wa mandazi akafa.

Mwoshaji mwenzangu alikuwa amelazwa hospitali. Mke wa imamu akaja, akasimama mlangoni.

"Watafute mwingine," nikamwambia.

"Hayupo. Na maiti hayumo kwenye grupu, mwanangu."

Msinione mtakatifu. Sikwenda kwa ajili ya Mungu. Nilikwenda nimwone yule mwanamke akinihitaji. Alinifungulia mlango, salamu hakunipa. Akamgeukia mama yake mkubwa, dada wa marehemu, mzee wa kuuza samaki soko la Ggaba, akamwambia mbele yangu: "Kaa humu ndani. Ulinde maji. Hata tone lisitoke naye."

Mlinzi wa maji! Mimi namwosha mama yake, yeye ananiwekea mlinzi! Nilishika ndoo niondoke. Ndipo nikamwona marehemu. Mguu mmoja ulikuwa nje ya shuka, kisigino kimepasuka kama cha bibi yangu. Nikapiga bismillahi. Nikaanza upande wa kulia, polepole, namwambia, "Geuka mama, tumekaribia." Maji yote yakaingia kwenye shimo lililochimbwa kuyapokea. Mwisho nikaweka kafuri. Yule mzee hakupepesa jicho. Nilipomaliza akaichukua ndoo, akaipindua, akaitikisa. Haikutoka kitu. Akaikumbatia, akalia.

Siku ya tatu ya msiba, ua umejaa watu, akasimama na ile sauti ya soko la samaki. "Mimi niliwekwa kulinda maji, na niliyalinda! Yamemwagika yote. Huyu amemshika dada yangu vizuri kuliko sisi tulivyomtunza akiwa hai. Nani aliandika yale maneno?"

Aliyeyaandika? Mwenyewe alikuwa pembeni yake, anaangalia simu.

Kesho yake mzee akanijia na kigoda chake. "Fungua. Nataka kahawa." Akakaa nje kando ya barabara, ananuka samaki, akanywa vikombe vitatu kila mtu akimwona. Akarudi kesho. Akarudi keshokutwa. Wiki nzima, nawaambia! Wa kwanza kumfuata alikuwa fundi viatu, kisha mama wa nyanya, na mwisho kabisa wale wasomi wa kompyuta. "Mama, tutakurudishia nyota," wakasema. Nikawajibu kwamba nyota Mungu anazo nyingi, nyinyi niombeni radhi. Aliyeomba ni mmoja tu.

Namshukuru mke wa imamu, ambaye hakunibembeleza. Namshukuru binti yangu, aliyerudi shule kila siku na jina lile. Mzee wa Ggaba sina shukrani inayomtosha. Kigoda chake kiko kwangu na hakuna mwingine anayekikalia.

Nililojifunza ni hili. Neno usiloweza kumwambia mtu usoni, usilitume kwa simu. Na wewe mwenye duka lililojaa, usicheke kwa sauti mwenzio akikosa wateja.

Mtaniuliza kama nimesamehe. Bado. Hajaniomba, nami siwezi kumdanganya Mungu. Lakini birika hili nimelibeba mwenyewe kutoka Kyebando, na kikombe cha kwanza nakinywa mimi, mnione.

Haya. Cha pili nimekimimina, ni cha mmoja aliyeketi humu na anajijua. Mama, nilimwosha mama yako kwa mikono hii. Njoo unywe, kinapoa.