Chupa Mbili na Kazi ya Bi Rozália: Risala ya Wanawake wa Chumba cha Vichocheo

Mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi Ödön Barta. Leo Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1988, sisi wanawake wa chumba cha vichocheo, wanafunzi wa darasa la kisomo la kiwanda, tunakukaribisha. Mikate ya jibini iliyo mbele yako tumeioka wenyewe.

KAZI YETU
Tunapima kichocheo kinachoiongoza hidrojeni iiunde dawa kwa umbo moja tu. Dawa hii ya wagonjwa wa kutetemeka ina umbo la kushoto na la kulia, kama glavu. La kushoto humtuliza mgonjwa. La kulia halimfai, tena laweza kumdhuru. Vichocheo navyo ni viwili, unga wa rangi moja: kimoja huleta umbo la kushoto, kingine la kulia. Kwa kuwa hatukujua kusoma, tulizitambua chupa zake kwa vizibo: cheusi na cheupe.

MAFANIKIO
Wanawake kumi na mmoja sasa tunasoma lebo.

CHANGAMOTO
Mwezi Machi mtungi mzima ulitoa umbo la kulia. Maabara iligundua mapema. Hakuna mgonjwa aliyefikiwa na dawa hiyo. Bi Rozália Kótai, aliyepima siku hiyo, alihamishiwa chumba cha kufulia. Msimamizi alimuuliza mbele yetu kama hata viatu vyake huvaa kinyume. Akajibu, "Bwana mdogo, miguu yangu naijua. Chupa ndiyo iliyovaa kofia ya mwenzake." Tulicheka. Hatukustahili kucheka.

OMBI
Tuliandaa maombi matatu. Mawili, la feni na la viti, tumeyafuta ili hili lisikike: Bi Rozália arudishwe kwenye mizani.

Siku moja kabla ya kosa lile, mwenzetu mmoja alifungua chupa zote mbili ndani ya kasha lisiloingia hewa, akafuta vizibo vumbi, akavirudisha kwa kukisia. Amenyamaza miezi saba, kwani analea watoto watatu peke yake. Rozália alijua, wala hakumtaja. Alimwambia tu, "Njoo darasani, mwanangu, tuache kubahatisha."

Mwenzetu huyo ndiye anayekusomea. Neno la kwanza nililoandika bila kushikwa mkono ni jina la Rozália. Adhabu yake ni yangu.

Mungu akujalie afya, na mikono ya wagonjwa wetu itulie. Ukiondoka, tafadhali mpe mhandisi mkuu karatasi hii, naye ampe msimamizi, hadi ifike chumba cha kufulia. Rozália ataisoma mwenyewe.

Ni sisi,
Wanawake wa Chumba cha Vichocheo
Msomaji: Borbála Csonka