Nilibebwa Kama Marehemu Nikiwa Hai

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa chama, ahsanteni kwa kunipa nafasi kabla ya ajenda. Sitasimama sana, mshono bado unavuta.

Mnakumbuka mkutano ule mwenzetu mmoja alipopendekeza chama kitusaidie kujiunga na bima ya afya. Mimi, katibu, ndiye niliyempinga. Nilimwambia mbele yenu kwamba anatutakia magonjwa, hiki ni chama cha kuzikana. Nikaandika na kanuni: vifaa vyote, pamoja na machela, ni vya msiba tu. Wakati huo nilikuwa na ugonjwa wa ngiri. Nilimficha hata mke wangu.

Masika yakanikuta kwenye mpunga, ng'ambo ya mbuga. Asubuhi moja ngiri ikabana, nikaanza kutapika, ndipo nikamwambia mke wangu ukweli. Mbuga ilikuwa imejaa maji, bodaboda haipiti. Mke wangu akapiga simu kijijini kuomba machela. Mtunza stoo akamjibu kwa uaminifu kabisa, "Mama, kanuni ya katibu inasema mpaka msiba."

"Kwa hiyo nisubiri afe ndipo nikupigie tena?"

Yule bwana akafungua stoo. Wakaja watu wanane.

Ndugu zangu, nawaambia nilichokisikia nikiwa chali, maana nilikuwa naona mawingu tu. Walibishana njia nzima. Aliyeshika mpini wa mbele, yule yule niliyemsema mkutanoni, alianza: "Angekuwa na kadi ya bima, angepasuliwa kabla ya kulima."

Wa nyuma akadakia, "Kadi siyo dawa. Juzi nimeandikiwa vidonge, nikaambiwa nikanunue dukani. Serikali itibu bure kwanza."

"Na mimi mzima nilipie nini?" akauliza mwingine.

"Mbona ya kuzikwa unalipa, na upo hai unabisha?"

Wakacheka. Maji yalipowafika kiunoni wakanipandisha mabegani, na ubishi ukaendelea. Hakuna aliyeachia mpini. Nikasahau maumivu kidogo. Watu hawakubaliani hata neno moja, na machela haitikisiki.

Tulipofika barabarani, waendesha baiskeli walishuka na kuvua kofia. Mama mmoja akauliza, "Jamani, nani katutoka?"

"Bado yupo, mama. Huyu ni mbishi."

Bajaji ikanifikisha hospitali mjini, nikapasuliwa siku hiyo hiyo. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, utumbo ungeoza.

Nawashukuru wauguzi, mke wangu, wanane wale, na mtunza stoo aliyevunja kanuni yangu. Kuhusu bima, mimi nimejiunga, lakini sikuja kuwaamulia. Anayelalamikia dawa anasema kweli, na anayetaka kadi anasema kweli. Ninachoomba leo ni kimoja: tufute maneno "msiba tu". Mgonjwa abebwe kwanza. Kubishana, tutabishana njiani.