Papa Straton na Kuta za Malori Yetu

Baada ya miaka kumi na minane ya kazi katika karakana yetu ya Masisi, Papa Straton Kanyamibwa, seremala wa malori, anastaafu tarehe 31 Desemba 1958. Mimi, Floribert wa depo ya vipuri, niliyekunywa naye chai ya asubuhi kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, nimeombwa na wenzangu niandike haya machache.

Walio wapya kazini huenda hawajui kwamba zamani lori lilitufikia likiwa nusu: injini, magurudumu na kiti cha shofere. Kilichobaki kilikuwa kazi ya Straton. Alichagua mwenyewe mbao za muvula zilizopandishwa kutoka misitu ya Walikale, akazipiga randa mpaka maranda yakajaa chini kama godoro, kisha akasimamisha sakafu, kuta na lango la nyuma. Ufundi alijifunzia misheni, kwa kutengeneza madawati ya shule. Ndiyo maana tulimtania kwamba mabenchi ya malori yake yanamlazimisha msafiri kukaa wima kama yuko kwenye katekisimu.

Siku za vita petroli ilikuwa adimu, na malori yalikwenda kwa moshi wa makaa yaliyowashwa ndani ya pipa ubavuni mwa lori. Shofere alifika Walikale ana masizi hadi masikioni. Wakati wa kupanda mlima baada ya Kingi, abiria walishuka, wakatembea kando ya lori wakipiga soga, na mara nyingi walifika juu kabla yake. Straton alikuwa pamoja nao, sikio karibu na mbao, akisikiliza ni ipi inayolia. Kuna usiku mvua ilitufungia njia ya Itebero, tukachoma ndizi chini ya turubai, naye akatuimbisha nyimbo za misa mpaka mvua ikachoka. Natamani usiku ule urudi, hata na matope yake.

Vita vilipokwisha, kodi ya magari ilianza kupanda. Ilipanda, ikapumzika kidogo, ikapanda tena. Wenye magari walinung'unika sokoni, wakanung'unika mlangoni mwa kanisa baada ya misa. Mwaka 1953 ikaja kwa namna mpya: ikahesabiwa kwa uzito wa gari. Patron wetu, Bwana Delvaux, mwenye karakana na malori, alirudi kutoka ofisi ya kodi kofia mkononi, uso umeiva. Alimwita Straton akamwagiza akate kuta za malori yote zibaki urefu wa goti, na mabenchi yaondoke. Lori likiwa jepesi, kodi nayo ingekuwa nyepesi.

Straton alikata. Siku nzima tulisikia msumeno, lakini wimbo wake wa kila siku hatukuusikia.

Haukupita muda mrefu, lori la shofere Paul likateleza kwenye kona ya kuteremkia Walikale. Halikupinduka. Liliinama tu, kama malori yote yanavyoinama wakati wa mvua. Lakini Mama Verdiane, muuza maharagi, hakupata cha kushika. Alianguka pamoja na gunia lake, mguu ukavunjika. Straton alikwenda kumwona hospitalini na kikapu cha viazi alichofungiwa na mkewe, Mama Mukagasana. Verdiane alimwambia akicheka, machozi yakimtoka:

"Papa Straton, gari yenu sasa inamwanga watu sawa maharagi."

Asubuhi iliyofuata Straton alileta karakanani mbao alizokuwa amejiwekea kwa ajili ya milango ya nyumba yake, akaanza kurudisha kuta. Bwana Delvaux alitoka ofisini akifoka.

"Straton! Kila ubao unaopigilia, mimi ninaulipia kodi!"

"Bwana, kodi iko inakuumiza, ninajua. Lakini hii gari iko ya kubeba watu. Kama unataka sahani, miye sijue kutengeneza sahani."

Alifukuzwa siku ileile. Aliondoka na randa yake kwapani. Nilikwenda kumtembelea nyumbani kwake Kingi, nikamkuta analima. Aliniuliza habari za malori moja baada ya jingine, kama mtu anayeuliza habari za watoto walioko mbali.

Waliomrudisha kazini ni akina mama wa sokoni. Habari ya Verdiane ilikwenda mbio kuliko gari lolote, nao wakakataa kupanda malori yetu. Yakawa yanashuka Walikale na kurudi nusu tupu. Mwishowe Bwana Delvaux alimtuma mtu Kingi. Straton alipofika, patron alimwonyesha rundo la mbao mpya, kisha akaenda kulipa kodi yote, akinung'unika njia nzima. Kwa hilo nasi tunamshukuru.

Ila kodi ile ilituangukia sote. Mwaka ule hakuna shofere aliyepewa matabishi ya Noeli, zile pesa za zawadi za kila mwaka, na hasira yao wakamgeuzia Straton. Paul, rafiki yake wa miaka mingi, aliacha hata kumsalimu. Mtoto wa mwisho wa Straton alipobatizwa, Paul hakuja, na kiti chake kilikaa wazi mpaka wageni wakatoka. Straton aliumia, tuliona. Hata hivyo lori la Paul likiingia karakana, alilishughulikia mbele ya mengine yote.

Mama Verdiane alipopona, lori la kwanza kupanda lilikuwa la Paul. Alishika ukuta kwa mikono miwili kutoka Masisi hadi Walikale, na hata alipopewa maji alikataa kuuachilia. Paul alimtazama kupitia kioo safari nzima. Aliporudi hakupita kwanza nyumbani. Aliingia karakana na mkungu wa ndizi begani, akasema mbele yetu sote:

"Papa Straton, miye nilikukasirikia weye. Kumbe nilipashwa kukasirikia kodi."

"Hata miye kodi inanikasirisha, kaka. Tua hizo ndizi, tukule."

Tangu wakati huo kodi imepanda tena, na wenye magari hawajaacha kunung'unika. Lakini hakuna aliyethubutu tena kumwagiza mtu akate kuta. Malori aliyoyavisha mbao yanakwenda hadi Pinga, na Jean-Marie, aliyefundishwa naye, ndiye atakayeyatunza.

Siku ya kuondoka, Paul atawapeleka Straton na Mama Mukagasana nyumbani Kingi. Tulimtengea Straton kiti cha mbele, kama inavyomstahili mtu wa heshima. Amekataa. Amesema atakaa nyuma, kwenye benchi, pamoja na mkewe na mizigo yao.

Asante, Papa Straton, kwa kila mtu aliyefika salama. Nyumba yako ipate milango mizuri, viazi vyako vizae, na maisha ya mapumziko yawe mema na marefu. Paul ameahidi kuendesha polepole. Shika ukuta.