Kupishana na Fundi Cherehani

Benchi letu liko kwenye kona, mkabala na kichochoro chembamba chenye ukuta upande huu na mtaro upande ule. Mwezi mzima sasa Kinyozi anaingia humo kila asubuhi, shati limepigwa pasi, amwambie Fundi Cherehani kwamba anampenda. Wakikutana katikati, yeye akisogea ukutani, dada wa watu naye kasogea ukutani. Akihamia mtaroni, naye huyo mtaroni. Wanachezeshana hivyo mpaka wanaombana radhi, kila mtu anashika njia yake. Leo dada anahama mtaa, Kinyozi kaketi nasi benchini, na mimi muuza kahawa nimechoka kumwonea huruma mwanamume mzima.

— Tatizo ni akili, alisema Profesa, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio. Akili haikai kichwani. Inatangulia hatua mbili kuangalia njia. Yako na yake zinagongana nyie bado mko mbali.

— Kwa hiyo nifanyeje?

— Idanganye. Waza ukutani, nenda mtaroni.

— Juzi nilifanya hivyo, alisema Kinyozi. Kumbe naye kafanya hivyo hivyo.

Kamanda, mlinzi wa ghala, akazinduka usingizini.

— Ingia kinyumenyume! Akili haina macho kisogoni, itatangulia wapi?

— Mtu anaposa kwa mgongo, Kamanda?

— Huyu mgongo wake una afadhali kuliko uso.

— Mnacheka, alisema Kinyozi, mwenzenu nakufa.

Profesa akamwonea imani.

— Basi akili iache hapa benchini, uende mwenyewe. Kamanda atailinda.

— Mimi nalinda usiku tu.

— Na wateja wangu nitawanyoa kwa kutumia nini? aliuliza Kinyozi, tena kwa dhati kabisa.

Hapo ikasimama pikapu. Dereva akashuka, akaomba kahawa, akasema amekuja kuchukua mizigo ya Fundi Cherehani. Kinyozi akashika kichwa. Tukamweleza mgeni mkasa mzima, naye akasikiliza mpaka kikombe kikaisha.

— Samahani, kaka. Ulikuwa unamfuata huyo dada, au unapita tu?

— Namfuata yeye!

— Sasa ulikuwa unampisha aende wapi?

Kamanda akajifanya amelala.

Kinyozi alikuwa ameshaingia kichochoroni. Fundi Cherehani alikuwa anakuja, kakumbatia kichwa cha cherehani. Akasogea ukutani. Kinyozi katikati. Akasogea mtaroni. Kinyozi pale pale.

— Nipishe basi, kaka.

— Leo sipishi.

Dada akamtazama, kisha akaiweka cherehani chini.

— Mwezi mzima, alisema, nami nilidhani unanikwepa.