Sauti za Watu Katika Diski Nne

Sogea karibu, Kah Hoe, na wewe Siew Khim funga hilo pazia, maana nitakayosema hayawahusu wauguzi.

Duka la Jelutong ni lenu nusu kwa nusu, msigombane. Lakini ile seva ya chumba cha nyuma, yenye sauti za marehemu ambazo familia zao zimetukabidhi, hiyo ni amana ya watu. Diski zake hazizunguki wala hazitoi mlio, kwa hiyo hazitoi dalili. Kila moja huhesabu saa zake kimyakimya, na aina ile tuliyonunua ina kasoro: ikitimiza saa elfu thelathini na tano, inakata roho. Nami niliziwasha zote nne pamoja, saa moja asubuhi, siku njema waliyonichagulia hekaluni. Nilidhani moja ikifa nyingine zitashika. Miaka minne baadaye, saa tisa alasiri, ikafa ya kwanza, na wakati nahangaika ikafuata ya pili. Nilipata dakika chache tu, nikaokoa sauti ya mama yenu kwanza.

Sauti ya marehemu mtoto wa Bibi Yeoh ikapotea. Sikumwambia, niliona aibu. Kila sikukuu ya makaburi akija kusikiliza, nilimwekea kicheko cha mtoto mwingine, naye akilia na kunishukuru. Mwaka huu hakulia. Aliniambia, "Mzee Ooi, mwanangu anasema hanijui." Kicheko kile hakina neno hata moja, wanangu. Alipoondoka nilikisikiliza tena. Kweli kinasema.

Kah Hoe, nilipolazwa mara baada ya diski zile kufa, ulinunua diski nne nyingine za aina ileile, boksi moja, ukaziwasha siku moja, saa moja. Sikulaumu, hukufundishwa. Nimezihesabia saa hapa kitandani... zinatimia kesho alasiri.

Nunueni za viwanda tofauti, msiziwashe pamoja. Anzeni kunakili leo hii. Sauti ni nyingi, hamtamaliza zote. Anzeni na za watu. Bibi Yeoh mwambieni ukweli, na mpige magoti mnapomwambia.

Mama yenu... awe wa mwisho. Najua mnavyompenda. Muda ukiisha kabla yake, mwacheni.

Nipeni mikono. Mzae watakaowazika, mle mshibe, msilale na kinyongo... Sasa nendeni dukani. Wote wawili. Msikae hapa kuningoja.