Simu Ilisema Neema Hayupo

Bwana asifiwe! Wapendwa, amahoro! Ninyi wa mulangoni sijawasikia, na leo sitaki kujibiwa kwa mudomo tu. Bwana asifiwe! Munanijua: ni mimi Mama Neema, muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, hapa soko la Rumonge, yule anayepanda juu ya maganda ya mawese na simu sikioni. Najua munanicheka. Chekeni, lakini munisikilize.

Ndugu zangu, mume wangu alipovuka ziwa kutafuta kazi Uvira, aliniachia simu ili tusipoteane katika vita hivi. Nilifurahi! Zamani ukitaka kujua bei ya ndagala Bujumbura, ulingoja gari lirudi. Sasa ninabonyeza tu. Ila rezo, mutandao wa simu, haifiki nyumbani kwangu. Inapatikana nyuma ya mashine ya mawese, juu ya lile lundo la maganda. Asubuhi mimi huyo, ninapanda. Jioni ninapanda tena. Jirani yangu Mama Zaituni akawa ananitania: "Mama Neema, leo mbinguni wanasemaje?"

Mbinguni! Laiti! Waliokuwa wanapiga ni watu wa barabarani. Barabara imefungwa. Barabara imefunguliwa. Wamepiga gari pale Gatete. Hapana, si Gatete, ni mbele kidogo. Habari ya kweli na ya uongo zinatoka katika tundu moja, na zote zina sauti ya mutu unayemujua. Tangu kitu kile kiingie nyumbani, usingizi umenihama. Kikilia, ni mbaya. Kisipolia, ndiyo mbaya zaidi.

Sasa, Neema. Ni binti yangu wa pekee, bado mudogo. Alikuwa Kabezi kwa shangazi yake, wifi yangu Esperansi, anayeniuzia ndagala huko na kunirudishia magunia matupu. Risasi zikaanza kulia karibu na nyumba yake. Nikasema, mutoto arudi kwangu. Asubuhi ile wifi akanipigia: "Nimemupakia sasa hivi, iko kiti cha nyuma pamoja na magunia yako. Nimeuliza, barabara ni nzima."

Wachuuzi wenzangu munajua desturi yetu. Kila mama ana kitambaa chake anachofunga kwenye gunia, ili mizigo isichanganyike garini. Changu ni kile cha kijani chenye ndege wa manjano. Kutoka Kabezi mpaka hapa, mialo yote ya wavuvi inakijua.

Nikangoja juu ya maganda. Gari halifiki. Simu ikalia. Alikuwa konvwayeri mumoja wa gari lingine, utingo anayenipakilia mizigo, na hakunisalimu. "Mama Neema, jikaze. Gari limepigwa, limeungua. Tumepita pale. Magunia yako iko kando ya barabara, na kitambaa chako. Hatukuona mutu hai." Ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikamupigia wifi, haipatikani.

Ndugu zangu! Lile lundo nililishuka kwa makalio. Nilivua kilemba, nikajitupa chini, nikalia mpaka sauti ikakauka. Na ninyi, wamama wa kanisa hili, mukaja na mikeka. Kitambaa kilikuwa kimeshashuhudia, nani angebisha? Mukaanza nyimbo za matanga. Mama Zaituni peke yake, Muislamu wa watu, alikataa kukaa. Alisimama mulangoni akasema: "Mimi sikai matanga ya gunia. Mutoto mumemuona? Hamujamuona. Ninaenda mwaloni kuuliza."

Nilimuchukia! Nikasema moyoni, huyu anajua nini, watoto wake wote wako nyumbani. Hata kuomba sikuweza. Nilikuwa na neno moja tu, "Bwana, mikononi mwako, Bwana, mikononi mwako."

Jua lilikuwa limeshaelekea Kongo niliposikia kelele kutoka mwaloni. "Mama Neema weee! Mama Neema! Toka ndani!" Nikajua wameleta maiti. Nikakataa kutoka. Ni ninyi mulionishika huku na huku mpaka majini.

Katika mutumbwi, katikati ya makarai ya ndagala, Neema! Amekaa! Amefungwa kitenge cha mutu nisiyemujua, macho wazi, hasemi neno. Muvuvi aliyemuleta, muzee wa kibalagashia, akaniuliza: "Alama ni yako?" Nikatazama. Kwenye mukono wa mutoto, kitambaa cha kijani, ndege wa manjano. Akasema: "Basi, mama, chukua muzigo wako."

Haleluya! Abiria mumoja aliyepona, pamoja na wavuvi, ndio walituambia mengine. Gari lilipopigwa, mama mumoja alimusukuma Neema nje kupitia dirishani. Mutoto akakimbilia ziwani. Huko wamama waliokuwa wanaanika ndagala mchangani wakamuficha chini ya turubai. Wakamuuliza jina, wapi! Hofu ilikuwa imemufunga sauti. Lakini wifi yangu, wakati wa kufunga magunia, alikuwa amechana kitambaa: nusu kwenye gunia, nusu kwenye mukono wa mutoto. Wamama wale wakakiona wakasema, huyu ni wa Mama Neema, soko la Rumonge. Wakamupandisha mutumbwi, mutumbwi ukamukabidhi mwalo wa mbele, mwalo kwa mwalo mpaka hapa. Hakuna hata mumoja aliyekuwa na simu. Wifi nimemuuliza kwa nini alifanya vile. Ananijibu, "Niliogopa tu, mikono ikafunga." Asante Yesu kwa uoga wa wifi yangu!

Wako wanaosema simu ni ya shetani. Mimi sisemi hivyo. Jioni ile ile nilipanda maganda nikamupigia mume wangu ng'ambo, akalia, nikalia, uniti zikaisha. Na konvwayeri yule hakudanganya: aliona gunia, akasema gunia. Matanga tulijiwekea wenyewe.

Na ukweli, wapendwa, bado ninaogopa. Yule mama aliyemusukuma mutoto wangu hakutoka garini. Naye ana watu wake waliopigiwa simu, na kwao simu ilisema kweli. Kwa nini mimi na si wao? Nimemuuliza Mungu. Ninamusifu huku ninauliza. Jina la mama yule silijui. Ukisikia watu wake wako wapi, niambie, niende kwa miguu nikawaambie mikono yake ilifanya nini mwisho.

Bwana, asante! Mama Zaituni, uko pale nje dirishani, nimekuona. Murakoze cane, asante sana, dada yangu!

Kuna mutu humu anayemungoja wake aliye barabarani, au milimani, au ng'ambo ya ziwa. Umeambiwa hayupo na wewe hujamuona. Usimuzike kwa sikio. Njoo hapa mbele, tumuweke mikononi mwa Bwana, na habari ikija, nzuri au mbaya, itukute tumeshikana. Simu yangu nimeizima. Zimeni zenu.

Neema, mwanangu, simama wakuone. Inua mukono. Muombeeni sauti, wapendwa, bado haijarudi. Kila usiku ninataka kukifungua kitambaa kile nikifue, naye anaufumba mukono. Basi nimeacha. Kikae.